Mkeka wa Alhamisi

Alhamisi hiyo, umande ukiwa bado kwenye majani ya muhogo, Safia alikuwa ameshapokea watoto sita. Wa saba alikuwa wake. Na wewe unayependa mapenzi ya marashi na maua, vumilia kidogo. Haya ya leo yananuka uji uliomwagika, lakini mapenzi ni mapenzi, hata yakikojolewa mapajani.

Kasongo nzima inajua likelemba: leo tunamchangia huyu, wiki ijayo yule, mpaka mzunguko uishe. Safia na wazazi wenzake sita walikuwa na likelemba yao, ila wao hawakuchangiana franka. Walichangiana mchana. Kila mmoja wao alikuwa na mtoto ambaye majirani walimtaja kwa kushusha sauti: huyu hatembei, huyu hasikii, yule ana kifafa, yule ana miaka kumi na mmoja na bado anaongea kama wa miaka mitatu. Mzazi wa mtoto kama huyo anaweza kukosa chumvi akavumilia. Kinachomuua ni kukosa mikono. Miaka inapita hajawahi kwenda hata chooni bila kugeuza shingo.

Basi waliweka zamu. Kila Alhamisi watoto wote saba hukaa nyumba moja, kwenye mkeka mmoja, na wengine huenda zao: huyu shambani, huyu sokoni Nyangwe. Elsa yeye hujifungia ndani na kulala mpaka alasiri, wala hakuna anayemcheka. Mkeka wenyewe ulisukwa Nyangwe, mpana kama uso wa nyumba, una mistari myekundu pembeni. Jioni unakunjwa na kupelekwa nyumba ya wiki ijayo. Mkeka unapolala ndipo watoto watakapoamkia. Sheria hiyo haikuandikwa popote, lakini hakuna asiyeijua.

“Mama Aicha, leo umepaka wanja,” alisema Emilienne, aliyebaki kumsaidia. Emilienne ni Mkristo, mkulima wa nje kidogo ya mji, mama wa Sonia, mmoja wa wale watoto saba, na ulimi wake haujui siku ya mapumziko. “Ni juu ya hawa watoto, ama kuna mutu mwengine?”

“Macho ilikuwa inaniwasha.”

“Aa! Inawasha kwa pembeni tu, mustari umenyooka vile?”

Safia alicheka, akainama kumgeuza Aicha ubavu wa pili. Aicha alikuwa na miaka saba. Miguu yake ilikuwa migumu kama vijiti, shingo yake ilichelewa kufuata macho, na mdomo wake ulikuwa na sauti moja tu, “Eee,” ambayo aliitumia kwa njaa, kwa hasira, kwa furaha na kwa kuwasengenya watu. Baba yake alimwangalia mwaka mmoja, akasema anakwenda Lusangi kutafuta dhahabu. Dhahabu ya Lusangi lazima iko chini sana, maana anachimba mpaka leo.

Ndipo akaja Iliasi. Iliasi alikuwa motari, anabeba watu kwa pikipiki kati ya Kasongo, Wamaza na Kabambare. Msimu mmoja wa mvua alimpeleka Safia na mtoto kwenye kituo cha afya, na njia nzima Aicha alikuwa anateleza kama samaki. Iliasi hakusema neno. Wiki iliyofuata alikuja na bido la manjano, dumu la kutekea maji, amelipasua nusu, amelijaza sponji, amelifunga kwa vipande vya mpira wa tairi mbele ya kiti chake mwenyewe. Akamweka Aicha ndani, kichwa kikaegemea kifua chake, wakazunguka soko mara mbili. Hakuandika shairi. Hakusema “nakupenda.” Safia aliliangalia lile bido, akajua kwamba yeye amekwisha.

“Tuache wanja,” alisema Emilienne, sauti ikishuka. “Régina ametuma neno. Zamu yake ya kupokea mukeka leo jioni, bwana yake amekataa tena. Anasema hawa watoto wasikanyage parsele yake, hata kwa ua, watu watasema yeye ndiye chanzo ya laana.”

“Mara iliyopita Jean-Baptiste alimubebea zamu.”

“Ndiyo, na sasa wengine wananuna. Régina mwenyewe anaona haya. Amesema kama mukeka haiwezi kulala kwake, atamutoa mutoto wake kwa likelemba. Na akitoka moja, mama Aicha, wewe unajua. Kamba ikikatika uzi moja…”

Safia alijua. Aliuangalia ule mkeka, watoto saba wamelala na kukaa juu yake, akaona siku zake zote za mbele zikikunjwa bila mahali pa kwenda.

Hakupata muda wa kuwaza zaidi. Nje pikipiki ilinguruma, ikashusha watu, ikaondoka. Sauti ya mwanamke ikasema, “Hodi!” mwenyewe akiwa ameshafika katikati ya ua.

Sasa lazima nikueleze desturi ya ukoo wa Iliasi, usije ukamwona Shangazi Fatuma kuwa mkosa adabu. Kwao, kabla barua ya posa haijapokelewa, shangazi wa mwanaume huenda kwa mchumba na kufunua sufuria. Anafunua mwenyewe, anaangalia, anajua anaingia nyumba ya namna gani. Na haendi siku aliyoahidi. Iliasi alikuwa amemwambia Safia kwamba shangazi atafika Jumamosi. Shangazi Fatuma, mtu wa Kabambare, aliyefunua sufuria za wachumba kumi na mmoja, hakuwa mjinga wa kufika Jumamosi.

“Salamu aleikum,” alisema, vumbi la Wamaza limemjaa mpaka kwenye nyusi. Nyuma yake alisimama mdogo wake, Mzee Djamali, ameshika kitambaa cheupe chenye barua ndani, amekishika kama yai.

“Aleikum salamu, shangazi, karibu…”

Lakini shangazi alikuwa ameshafika jikoni. Akainua kifuniko. Sufuria ilikuwa ile ya arusi, ya kupikia watu wa mtaa, na uji ulikuwa umeijaza mpaka shingoni. Shangazi aliangalia uji. Akaangalia Safia, mwembamba kama mwiko. Kisha akageuka, na kwa mara ya kwanza akauona mkeka.

Akanyoosha kidole. “Moja. Mbili. Tatu…” Kidole kilikwenda mpaka mwisho, kikarudi mwanzo. “Djamali! Hesabu na wewe. Mimi macho yangu iko na vumbi.”

“Saba, dada.”

“Saba! Iliasi alituambia mutoto moja!”

“Shangazi, hapana, ngoja nikueleze,” Safia alianza.

“Mama, hawa ni wale wadogo tu,” Emilienne akaingilia, uso mkavu kabisa. “Wakubwa wako masomoni.”

“Mungu wangu! Binti, wewe una miaka ngapi? Hata sungura anaomba mapumuziko!”

Na hapo Sonia, mtoto wa Emilienne, ambaye hajawahi kumwona mgeni duniani, watu wote ni wake, akainuka na kumkumbatia shangazi kiunoni kwa nguvu zote. Mtoto mwingine asiyesikia akaivua kofia ya Mzee Djamali na kuivaa mwenyewe. Mzee akabaki na upara wake juani, barua mkononi, hajui alinde kipi.

Emilienne alicheka mpaka akakaa chini. Safia naye alishindwa kujizuia, na ilibidi wapokezane maneno kumweleza shangazi habari ya likelemba, zamu, mkeka, na kwamba saba hawa ni wa nyumba saba. Shangazi Fatuma alisikiliza, Sonia bado yuko kiunoni. Mwishoni akapumua.

“Bon, sawa. Mumenitoa roho kwa bure. Sasa wa kwako ni yupi?”

Safia akamwinua Aicha, akamkalisha mapajani, akamfuta udenda. Shangazi alimwangalia mtoto muda mrefu, na macho yake hayakuwa mabaya. Ndiyo maana maneno yaliyofuata yaliuma zaidi: yalisemwa kwa upole.

“Mutoto muzuri. Pole yake. Nitamwambia mama yake Iliasi asikuwe na wasiwasi. Na zaidi, huyu hatakaa na ninyi. Iliasi alituambia atabaki kwa bibi yake kule Wamaza. Ni kwa hiyo tu mama yake alikubali barua iandikwe.”

Emilienne aliacha kucheka.

Safia alikuwa ameshika kitambaa cha kufutia udenda, na mkono wake ulibaki hewani, kama umesahau ulikokuwa unakwenda. Kwa bibi yake, Wamaza. Bibi mwenyewe haoni vizuri, na kisima kiko mwendo wa nusu saa. Nani angemgeuza ubavu?

Hapo Aicha alikaza shingo na kupiga kelele, “Eee!” ile ya furaha. Yeye huisikia pikipiki ya Iliasi kabla ya mtu mwingine yeyote, toka kwenye kona ya msikiti. Motari wenzake walikuwa wamemwambia Iliasi kwamba shangazi yake ameonekana njiani, naye akaja mbio. Aliingia anahema, shati limemganda mgongoni, lile bido la manjano likionekana mbele ya kiti cha pikipiki. Macho yake yakatafuta ya Safia kama kawaida, yakayapata, na yakagonga ukuta.

Walikuwa na mazoea ya macho, wale wawili. Macho ya kuulizana umekula, macho ya kuchekana, na yale ya jioni ambayo Emilienne akiyaona hukohoa. Haya ya leo Iliasi hakuyajua. Akaangalia shangazi yake, kisha barua, kisha akaelewa.

“Safia…”

“Wamaza, Iliasi?”

“Nisikie kwanza.”

“Nauliza: ulisema Wamaza, ama hukusema?”

“Nilisema,” alijibu. Angalau hapo hakudanganya. “Mama alikuwa amefunga mulango. Siku tatu hakula. Nilitaka tu mulango ifunguke. Ukishaingia kwetu, akikuzoea, ningemuleta Aicha pole pole…”

“Pole pole vipi? Kama muzigo ya magendo? Mukono leo, mguu kesho?”

“Mama iko na presha.”

“Na mimi niko na nini? Mimi hii miaka saba, unafikiri ninakunywaka maji ya dawa gani?” Sauti yake haikupanda. Ingepanda, Iliasi angeweza kuvumilia. “Watu waliniambia nilivuka mto nikiwa na mimba, ndiyo ikamufunga mutoto. Wakasema ni mimi nilimuuza kwa uchawi. Baba yake akaenda. Sikulia mbele ya mutu. Halafu wewe ukakuya na kile kibido chako, nikasema, huyu. Huyu alimuona mutoto wangu mbele ya kuniona mimi. Kumbe ulimuona, ukamupangia njia ya kutoka.”

“Usiseme vile. Ninamupenda.”

“Ninajua. Ni hiyo inaniuma.”

Mwanaume anayepita matope ya Wamaza kwa pikipiki bila kuanguka, alikuwa hajui aweke mguu wapi katika ua uliofagiwa.

Mzee Djamali, kwa nia njema ya watu wasiojua kusoma hewa, akasogeza kitambaa cheupe. “Sasa, binti, hii barua…”

Safia aliipokea kwa mikono miwili, kwa heshima, kisha akairudisha vile vile. “Baba, unisamehe. Simukatai Iliasi. Kumupenda, ninamupenda, hata huyu Emilienne ananicheka juu yake. Lakini barua hii iko na nafasi ya mutu moja, na sisi tuko wawili. Siku itaandikwa ya watu wawili, muipeleke kwa mjomba wangu, mulango iko wazi. Kama haiandikwi, basi. Sitakufa. Nimeshajaribiwa na makubwa.”

Akaenda kugawa uji.

Wageni wangeondoka, lakini pikipiki iliyowaleta ingerudi alasiri tu, na Sonia alikuwa hajamaliza kumkumbatia mtu. Basi Shangazi Fatuma akakaa. Mwanzoni alikaa pembeni. Baadaye Emilienne akamwekea bakuli mkononi bila kuuliza, na mtoto mmoja mbele yake. “Kijiko kidogo, mama. Unangoja ameze. Ukiharakisha, atakutemea.” Aliharakisha. Akatemewa. Akacheka kwa mshangao, akafuta mtandio, akaanza tena, safari hii pole pole. Iliasi alibaki amesimama kando ya pikipiki yake saa nzima, kisha saa ya pili. Hakuna aliyempa kiti. Aicha alimwita, “Eee,” mara tatu, na mara ya tatu Iliasi akakosa nguvu ya kusimama mbali, akaja kuchuchumaa kwenye ukingo wa mkeka. Safia alimwona akimgeuza mtoto ubavu wa pili, kiganja chini ya kichwa, kama alivyomfundisha. Akageuza macho haraka. Wanja na machozi havipatani.

Baada ya sala ya alasiri wazazi walianza kurudi. Jean-Baptiste alitoka shambani na mafungu ya sombe, majani mabichi ya muhogo, akaacha fungu moja. Elsa alikuja uso umechorwa mistari ya shuka.

“Nimelala, dada zangu,” alisema, kama mtu anayetoa ushuhuda. “Nimelala mpaka nimeota. Niliota niko na njaa, nikaamka, nikakula, nikalala tena.”

Shangazi Fatuma alimfuata kwa macho mpaka akapotea njiani, mtoto mgongoni. “Mimi nilizaa nane,” alisema, si kwa mtu fulani. “Wote wazima. Na hakuna mutu alishanipa hata saa moja.”

Wa mwisho alikuja Régina, macho mekundu. Hakumwangalia mtu. “Ninamutoa wangu,” alisema. “Bwana amekataa. Siwezi kula zamu za wengine bila kulipa. Munisamehe.”

Safia na Emilienne walikuwa wameshaukunja mkeka. Ulilala katikati ya ua, mrefu kama mgonjwa anayengoja wabebaji. Mkeka ukikosa nyumba leo, Régina angeondoka, na nyumba za wengine zingefungwa moja moja.

Iliasi akatembea mpaka katikati ya ua. Akainama, akautia mkeka begani.

“Unaipeleka wapi?” Safia aliuliza.

“Nyumbani.”

“Kwenu? Kwa mama yako?”

“Ndiyo. Zamu ya Régina nitabeba mimi.”

“Mama yako anajua maana ya huo mukeka?”

“Kasongo yote inajua,” alisema Iliasi. “Ni juu ya hiyo nitapita katikati ya soko.” Akamgeukia Régina. “Dada, mutoto wako umulete Alhamisi, pamoja na wengine.”

Akauweka mkeka nyuma ya pikipiki, akaanza kuufunga kwa mpira wa tairi. Fundo likafunguka mara mbili.

“Iliasi, mama yako atakufukuza,” alisema Mzee Djamali.

“Akinifukuza, ninajua pa kulala. Mukeka ninao.”

Emilienne ndiye aliyecheka wa kwanza. Safia hakucheka. Alimsogelea mpaka akasikia joto la injini miguuni, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akamwangalia sawasawa. Alitaka kumshika mkono. Alijua kwamba akiushika, atasahau kila kitu, na Aicha hana mtu mwingine wa kukumbuka.

“Alhamisi nitamuleta Aicha mimi mwenyewe,” alisema. “Nikikuta mukeka imetandikwa, tutaongea. Nikikuta imekunjwa, nitaibeba kichwani mpaka kwangu, na wewe usinifuate.”

“Utaikuta imetandikwa.”

“Tutaona.”

“Toka hapo!” Shangazi Fatuma alimsukuma mpwa wake kando. “Unafunga mukeka kama mutu anafunga mbuzi.” Akakaza fundo kwa nguvu moja, akakusanya kanga yake, akapanda nyuma, mkeka chini ya kwapa. “Twende. Na ukifika, wewe nyamaza. Mimi ndiye nitaongea na mama yako. Wewe ukifungua kinywa, utasema Wamaza tena.”

Siku sita ni nyingi. Safia aliuza vitu sokoni, alipika, aliosha, alimgeuza mtoto. Hakwenda kuuliza, na Emilienne alipoleta maneno ya mtaani, mara mama Iliasi amevunja sahani, mara amekwenda kwa dada yake akarudi, Safia alimwambia, “Niachie masikio yangu ipumuzike.” Iliasi hakuja. Usiku Aicha alisikiliza kona ya msikiti, akalala.

Alhamisi alimfunga mtoto mgongoni na kutoka mapema kuliko wote. Hakupaka wanja. Alipita soko bila kuangalia pembeni, akaingia njia ya kina Iliasi, na mlangoni akasimama.

Mistari myekundu aliiona kwanza. Mkeka ulikuwa umetandikwa chini ya paa la baraza, umefagiwa, pembe nne zimewekewa mawe. Iliasi alikuwa amechuchumaa anachonga kitu: bido la pili la manjano, nusu yake imeshajazwa sponji. Aliinua macho.

Mama yake Iliasi alikuwa amekaa jikoni, mgongo ameupa mlango, mgongo wa mtu asiyetaka kuulizwa kitu. Mbele yake, kwenye mafiga, ilichemka sufuria yenye kifuniko.

Kutandika mkeka kunaweza kuwa uamuzi wa Iliasi peke yake, Safia aliwaza. Mkeka hutandikwa na kijana mkaidi. Sufuria ni ya mwenye nyumba.

Akapita ua wote bila kupiga hodi, Aicha mgongoni, akamfikia mama mkwe mtarajiwa, akanyoosha mkono na kuinua kifuniko.

Uji. Mweupe, mwingi, umefika shingoni.

“Nani huyo anafunua sufuria yangu?” aliuliza yule mama, bila kugeuka.

“Ni mimi, mama,” alisema Safia. “Ni desturi ya ukoo.”

Mkono ukatoka pembeni ya mgongo ule na kumnyooshea mwiko.

“Basi koroga. Itashika chini. Na huyo mutoto umushushe, atasikia joto.”